Waliocheza Ghalani kwa Ardis

La Crosse, Wisconsin
11 Februari 2013

Mpendwa Bi Ardis Tollefsrud,

Naomba radhi kwa kukubishia hodi kwa karatasi. Nilikupigia simu mara tatu. Mara mbili ulisema husikii, na mara ya tatu ulisema hununui chochote, ukakata. Mpwa wa marehemu Wendell Krause ndiye aliyenishauri nikuandikie. Alisema barua unazisoma, tena mara mbili mbili.

Wendell alisambaza barua hapo Nordby kwa miaka thelathini, na nadhani umesikia kwamba alifariki Novemba. Chini ya kitanda chake mpwa alikuta sanduku la viatu lenye picha thelathini na moja. Wendell alizisafisha mwenyewe kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, maana nani angezipeleka dukani? Ni picha za wanawake wanaocheza na wanawake, wanaume wanaocheza na wanaume, ndani ya ghala, mchana kweupe. Nyuma ya kila moja ameandika mwaka, kuanzia 1974 hadi 1981, na maneno mawili tu: "kwa Ardis".

Sisi ni watu sita tunaokusanya historia ya wapendanao wa jinsia moja katika kaunti hizi za kando ya mto. Hatulipwi, na ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la baiskeli. Vitabu vingi vinasema kwamba zamani watu wetu wote walikimbilia miji mikubwa. Picha za Wendell zinasema vingine.

Nimekuwekea nakala kumi na mbili, kila moja ina namba. Tafadhali, niandikie majina ya watu hawa. Picha namba 4 inanitatiza: humo kila mwanamume kamshika mwanamke, nao wamekakamaa kama mishumaa. Je, ilikuwa harusi ya nani?

Wako mtiifu,
M. S. Lor

*

Nordby
20 Februari 2013

Bwana Lor,

Barua nimeipata. Wendell alikuwa mtu mwema na mchezaji mbaya. Ukucha wa kidole changu kikubwa cha mguu unamkumbuka hadi leo.

Umeelewa vibaya. Hao ni majirani waliokuja kunisaidia kufagia ghala. Kila mwaka, mwanzoni mwa Juni, nyasi kavu za mwaka uliopita huwa zimekwisha na mpya hazijakatwa, kwa hiyo ghala hubaki tupu. Basi tulifagia. Muziki ulikuwa wa kutupa nguvu.

Majina ni haya. Namba 1, kushoto ni Gladys Amundson, kulia ni Opal Rindahl. Gladys alikuwa mkali lakini mkarimu sana, alitoa bila kuombwa. Namba 2, wale wanaume wawili ni Clarence Fjelstad na Rudolph Haugen. Clarence alikuwa na nguvu za ajabu na akili chache. Namba 3, mwenye kodiani ni Mavis Sandbakken, aliyekuwa bora kuliko wote waliowahi kupita hapa. Wengine nimekuorodheshea nyuma ya karatasi. Namba 4 sikumbuki.

Wote wamekufa. Usihangaike kuwatafuta.

A. Tollefsrud

*

La Crosse
18 Machi 2013

Bi Ardis,

Kwanza, mimi si Bwana. Jina langu ni Mai See, nina miaka ishirini na tisa, na ni mwanamke tangu nizaliwe.

Pili, nataka nikueleze kilichonipata Jumamosi. Tulifungua chumba chetu kwa wageni, na kwa fahari kubwa nilibandika picha zako ukutani, majina chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Walikuja watu arobaini hivi. Miongoni mwao alikuwemo mzee mmoja mrefu mwenye fimbo, aliyekuwa amemleta dada yake. Alisoma jina la kwanza, akasoma la pili, akatafuta kiti. Nilidhani anaugua. Alikuwa anacheka, Bi Ardis. Alicheka mpaka miwani ikaanguka.

Alikuwa Daktari Bakke, aliyetibu mifugo yako. Akasimama, akanitembeza ukutani picha baada ya picha. Gladys ulimnunua kwa Amundson, naye daktari alimzalisha ndama pacha mwaka 1976. Opal alikuwa na kwato mbovu. Clarence alikuwa fahali, na alimvunja daktari mbavu mbili. Mavis alishinda utepe wa kwanza kwenye maonyesho ya kaunti. Watu wote arobaini walikuwa wanasikiliza. Nimebandika ng'ombe ukutani, Bi Ardis, nikawaandikia na wasifu.

Ungeweza kuniambia tu kwamba hutaki. Mwenzangu mmoja sasa akiniona hulia kama ndama. Lakini si hilo linaloniuma. Nilipokuwa shuleni hapa La Crosse, nilidhani mimi ni wa kwanza. Nilidhani hakuna mtu kama mimi aliyewahi kukanyaga ardhi hii. Picha isiyo na majina mtu anaweza kuikana. Atasema walikuwa wanafagia.

Nimebakiwa na jambo moja. Mbele ya namba 4 daktari hakucheka. Aliniomba nikufikishie maneno haya, nami nayafikisha kama alivyoyasema: "Mwambie Ardis kwamba ile honi niliyokuwa napiga darajani, nilipiga makusudi."

Mai See Lor

*

Nordby
25 Machi 2013

Mai See,

Niliyasoma maneno ya Bakke nikiwa nimesimama, nikakaa, nikayasoma tena.

Sasa nitakwambia. Tulianza mwaka 1974, na tulicheza Jumapili ya kwanza ya Juni, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, kwa sababu saa kumi na moja ng'ombe lazima wakamuliwe, na nusu yetu tulikuwa na ng'ombe. Watu wa mijini wana baa zao za usiku. Sisi tulikuwa na saa nne za mchana kwa mwaka, baada ya ibada. Alikuja nesi kutoka Viroqua, wakaja waliofanya kazi kiwanda cha jibini, mwalimu wa hesabu, ndugu wawili ambao kila mmoja hakujua habari za mwenzake mpaka walipogongana mlangoni kwangu, kila mmoja na bakuli lake la saladi ya viazi. Tulikula chembe za jibini mbichi zinazolia kwenye meno. Tulicheza polka mpaka mbao za ghala zikapumua vumbi.

Barabara ya kuja kwangu hupita daraja la mbao. Gari likija, mimi niliyekuwa karibu na mlango nilitikisa kengele ya ng'ombe, na kufumba na kufumbua kila mwanamume alishika mwanamke aliye karibu. Hiyo ndiyo namba 4. Si harusi ya mtu. Ni dakika mbili za uongo, na Wendell kwa wehu wake akazipiga picha.

Bakke alikuwa hana simile na Jumapili. Alipita kutazama ndama wakati wowote. Lakini kila mara alipiga honi darajani, ndefu, kama mlevi. Miaka thelathini na minane nimemwita mpumbavu asiyejua kuendesha gari. Kumbe alikuwa anatupa muda. Nimeoka keki ya mdalasini kesho nimpelekee, ingawa sijui nitaanza kusema nini.

Kuhusu majina. Kila aliyeingia ghalani aliniwekea mkono wake mkononi mwangu, nami nikamwahidi: jina lako halitatoka kinywani mwangu. Mwalimu angefukuzwa. Nesi angenyang'anywa watoto. Mwaka 1981 mtu alimwandikia mkuu wa shule kuhusu mpangaji wangu, Lenore Wachowiak, aliyefundisha watoto piano, na ikabidi aondoke kabla ya Krismasi. Yeye ndiye mwenye kodiani. Haya, kwa jina hilo ahadi nimeivunja. Alikaa kwangu miaka sita, na chumba chake cha kupanga kilijaa vumbi kwa kukosa mtu wa kulala humo. Aliniomba nimfuate mji wa Sheboygan, alikohamia. Nikamwambia ng'ombe hawahami. Ndivyo nilivyosema, Mai See. Nilichagua ng'ombe.

Unasema picha bila majina inaweza kukanwa. Ni kweli. Lakini aijuaye adhabu ya kaburi ni maiti. Basi nikuulize: mama yako anajua unafanya kazi gani nyuma ya hilo duka la baiskeli?

Ardis

*

La Crosse
2 Aprili 2013

Bi Ardis,

Hajui.

Mama yangu anaitwa Yer Thao. Alivuka mto Mekong akikimbia vita, akiwa na mimba ya kaka yangu, na siku hizi analima na kuuza vitunguu vya majani na pilipili sokoni hapa kila Jumamosi. Nilimwambia kwamba ninapanga picha za wakulima wa zamani. Si uongo, na ndiyo maana ni uongo mzuri. Gretchen, ninayeishi naye, Mama humwita "mwenye nyumba". Gretchen hana nyumba. Tunapanga wote.

Ulipouliza, nilikasirika siku tatu, kisha nikaona haya. Nilikuwa naomba majina ya watu ishirini na watatu, na la kwangu nililiandika kwa herufi mbili na nukta.

Nimeyabandua majina yote ukutani. Picha zitabaki hivyo zilivyo. Umewalinda muda mrefu; si kazi yangu kuvunja ahadi yako.

Mai See

*

Nordby
15 Aprili 2013

Mai See,

Usiwe mwepesi wa kukata tamaa, nitakuona si mtoto wa mkulima.

Nimekaa na Bakke. Amezeeka kuliko mimi, lakini keki alikula vipande vitatu. Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu miaka yote. Akanijibu, "Ningesema nini, Ardis? Kila nilipofika mlikuwa mnafagia." Tukacheka, kisha nikamlilia begani kwa sababu ambayo hakuuliza. Alinisaidia kuona jambo. Niliahidi jina halitatoka kinywani mwangu. Sikuahidi kwamba sitawauliza wenyewe.

Katika wale ishirini na watatu, kwa hesabu yangu kumi na mmoja wako hai. Wawili sijui waliko. Tisa nimewaandikia kwa mkono wangu, kila mmoja barua yake, na picha yake ndani. Nimewaeleza yaliyokupata wewe na ng'ombe wangu, ili wacheke kabla hawajaogopa. Nimewaambia: sema ndiyo, sema hapana, au nyamaza, na ukinyamaza nitahesabu hapana.

Barua ya Lenore ilikaa mezani wiki nzima. Leo nimeipeleka posta. Nimebandika stempu mbili, kana kwamba Sheboygan iko mwezini.

Mimi nimeandika tisa. Wewe una moja tu.

Ardis

*

La Crosse
9 Mei 2013

Bi Ardis,

Nimesema. Sikuandika, kwa sababu Mama hasomi, nikasema.

Ilikuwa Ijumaa mchana, tunaosha vitunguu kwenye karai uani kwake, vile vifungu vya kupeleka sokoni kesho yake. Nilisema kwa Kihmong, lugha yetu, ambayo haina neno zuri la jambo hili, kwa hiyo nililizunguka kama mtu anayemzunguka mbwa. Nilimwambia kwamba wakulima wa kwenye picha walikuwa watu wa namna fulani, na mimi ni wa namna hiyo hiyo, na kwamba Gretchen si mwenye nyumba.

Hakuinua kichwa. Alifunga kifungu, akaweka chini, akachukua kingine. Akaniambia mizizi sijaiosha vizuri. Basi nikaiosha. Wiki nzima hakupiga simu, naye hunipigia kila siku kuuliza nimekula nini. Nililala sebuleni kwa kaka yangu siku moja, nikarudi, nikaendelea na kazi. Gretchen alipika supu ambazo hakuna aliyezinywa.

Jana amepiga. Hakutaja neno lolote nililomwambia. Ameniuliza swali moja: "Wale wakulima wako, walipozeeka, nani aliwatunza?"

Nikamwambia nitakuuliza.

Mai See

*

Nordby
20 Mei 2013

Mai See mwanangu,

Mwambie mama yako aje aone mwenyewe. Ghala ni tupu. Sina ng'ombe tangu 2004, lakini nyasi za jirani zitaingia katikati ya Juni, kwa hiyo Jumapili ya tarehe 2 nafasi iko. Saa sita mchana hadi saa kumi, kama zamani. Mwili wangu bado una saa ya kukamua, na siubishii.

Sasa majibu, maana nimejaa kama debe la maziwa.

Saba wameandika. Watano wamesema ndiyo. Nesi wa Viroqua ameandika ukurasa mzima, akataka jina lake la kuzaliwa, la ndoa na la utani. Mmoja amesema hapana bila maelezo, na sitamuuliza. Wa saba ni yule mwanamume wa namba 2, uliyemwandikia Clarence. Ana miaka themanini na minne, wajukuu kumi na wawili, na mke aliyemzika juzi juzi, ambaye anasema alimpenda, nami namwamini. Ameniandikia hivi: "Ardis, niache nibaki fahali. Lakini iandikwe kwamba nilicheza, na kwamba nilifurahi." Basi ndivyo mtakavyoandika. Msiongeze, msipunguze.

Wa tisa hajajibu.

Wa nane ni Lenore, naye ameandika. Barua yake ilikuja Jumatano, nikaibeba mfukoni mwa aproni hadi Alhamisi bila kuifungua. Ana miaka sabini na tisa. Goti moja ni la chuma. Miaka thelathini sasa anaishi na mwenzake, Bernadine, aliyekuwa dereva wa basi. Alisema nisome mistari hii kwa sauti, na nilisoma, ingawa jikoni hamna mtu: "Kama ulinipa jina la Mavis, basi nimejua ulivyonipenda, maana Mavis ulimpenda kuliko kanisa. Jina langu liandikeni kwa herufi kubwa. Tunakuja wote wawili, na kodiani."

Wanakuja wote wawili. Nimefua mapazia, nikayafua tena.

Ardis

*

Nordby
5 Juni 2013

Mai See mwanangu,

Miguu imevimba na roho imetulia. Ulikuwepo, kwa hiyo sikusimulii uliyoyaona: nesi na kigari chake cha kutembelea akizunguka katikati ya polka, yule mwenzako wa kulia kama ndama akicheza na Bakke, Bakke mwenyewe akisimama darajani kupiga honi, na watu wazima thelathini wakiparamiana kushika wasiowapenda, kisha wakiachiana kwa vicheko hadi machozi.

Bernadine nimempenda, jambo lililonikera. Nilikuwa nimejiandaa kumwona ana kasoro. Alinikuta nyuma ya ghala najifanya natafuta ndoo, akasema, "Miaka thelathini nasikia habari za ng'ombe wako. Nenda ukacheze naye, mimi goti lake nimelichoka." Basi nikacheza na Lenore. Kodiani aliishika nesi, na haijui. Hatukusema mengi. Alisema bado naongoza vibaya.

Ila kuna jambo hukuliona, maana ulikuwa ghalani na kinasa sauti chako, unawahoji watu. Mama yako alikuja kwangu jikoni. Alikuwa amekaa garini nusu saa ya kwanza, nikidhani hatashuka. Akaja na sinia la mikate ile ya kuviringisha, ya kabeji na nyama, akaliweka mezani kati ya bakuli za viazi, akaanza kuosha vyombo vyangu bila kuniuliza. Kiingereza chake ni kidogo na masikio yangu ni mabovu, kwa hiyo tulielewana.

Aliniuliza ng'ombe walikuwa wangapi. Nikamwambia arobaini na wawili. Akaniuliza, "Peke yako?" Nikamwonyesha Lenore kupitia dirisha, amekaa kwenye kiti cha uani, nikamwambia kwamba na yule, miaka sita, kisha peke yangu, na kwamba sasa ni majirani wanaonitunza, na Bakke, na huyo mwanao anayeniandikia. Akasuuza bakuli. Kisha akasema, "Sita kidogo sana."

Watu wengi wamenipa pole maishani, kwa baba, kwa ng'ombe, kwa nyonga. Kwa hilo hakuna aliyewahi kunipa pole mpaka mama yako. Nilichukua kitambaa, nikaanza kukausha vyombo alivyokuwa anaviosha.

Niambie alisema nini njiani.

Ardis

*

La Crosse
10 Juni 2013

Mpendwa Ardis,

Kwanza kazi. Picha zimerudi ukutani. Majina saba ni ya kweli, la kwako likiwemo kama ulivyoruhusu, na la Lenore nimeliandika kubwa mpaka linavuka fremu. Fahali yuko na maneno yake. Waliokufa tumewaacha bila majina hadi tuzungumze na jamaa zao. Aliyesema hapana na aliyenyamaza tumewafunika nyuso. Kinasa sauti kina saa tatu na dakika kumi za watu wazee wakikatizana.

Sasa Mama. Njiani kurudi Gretchen alikuwa anaendesha, mikono yote miwili kwenye usukani kama anafanya mtihani. Mimi nilikaa nyuma na sinia tupu. Tulipopita shamba la pili la mahindi, Mama aliniuliza kwa Kihmong, "Huyu anaitwa nani?"

Miaka minne Gretchen ameingia kwake na kutoka. Nikasema jina.

Ni jina gumu kwa ulimi wetu, Ardis. Lina konsonanti zinazopigana mlangoni, na lugha yetu haifungi neno namna hiyo. Mama akalijaribu, likatoka kama chafya. Gretchen akageuka kumtazama, na gari likayumba kidogo. Mama akamwashiria atazame mbele. Akalijaribu tena. Aliendelea nalo taratibu mpaka La Crosse, kama mtu anayefunga kifungu cha vitunguu, anakifungua, anakifunga upya, na tulipofika kwake, kabla hajafungua mlango, alilisema sawasawa.

Wako,
Mai See